Kalamu Yangu Iliota Kipara

Siku ya nne tangu niipate, kalamu yangu mpya ilikwaruzwa na funguo za kabati la vitabu. Siku ya tano niliiharibu mwenyewe, kwa dawa ya meno. Ya funguo nimeshaisamehe. Ya dawa ya meno ndiyo iliyoninyima usingizi.

Lakini nianze na raha, maana raha ilitangulia.

Dada yangu anaishi Mannheim, Ujerumani, karibu sana na Heidelberg, mji ambao kampuni ya Lamy ilianzishwa mwaka 1930. Alipokuja likizo mwezi wa saba aliniletea kalamu ya wino ndani ya soksi. Kweli, soksi ya mwanawe, moja, mguu wa kushoto, ili kalamu isigongwe na vitu vingine begini. Nikaitoa kalamu, soksi nikamrudishia mtoto. Ningejua.

Kalamu yenyewe ni Lamy 2000. Ilitoka mwaka 1966, ikiwa imebuniwa na Gerd A. Müller, ambaye kabla ya hapo aliwabunia Braun mashine za kunyolea ndevu na mashine za jikoni. Ukishalijua hilo unaiona kalamu kwa jicho jingine, maana kweli ina sura ya chombo cha kazi. Nyeusi ya kufifia, mwili mnene katikati na mwembamba ncha zote mbili, klipu ya chuma kisichoshika kutu, basi. Haina pete ya dhahabu wala nakshi. Nibu yake, yaani mdomo wa kuandikia, ni ya dhahabu ya karati 14, lakini hata hiyo wameipaka platinamu ikawa nyeupe, kisha wakaificha karibu yote, imebaki ncha tu inayochungulia kama kobe. Mama aliigeuzageuza, akaishika mbali na macho kama wafanyavyo wenye miwani iliyosahaulika chumbani, akasema, “Mbona kama hawajaimaliza?”

Mama ana kipimo chake. Marehemu baba alikuwa karani, na alikuwa na Parker yenye klipu ya mshale iliyokuwa ikimetameta mfukoni mwa shati hata akiwa ng'ambo ya barabara. Kwa Mama, kalamu ya wino isiyometa ni kama bibi harusi aliyekuja na kandambili.

Jioni ile niliijaza. Hii haitumii vibomba vya kubadilisha, inanyonya wino yenyewe kwa pistoni. Unazungusha kitako chake, na utajuaje kwamba kitako kinazunguka, hilo ni swali, maana ule mshono wanakoungana kitako na mwili hauonekani kabisa mpaka ukizungushe. Pistoni ikishashuka unaizamisha nibu chupani mpaka chuma kiguse wino, unazungusha kurudi, na wino unapanda. Pembeni kuna kidirisha chembamba cha kuangalia kama upo. Ukaonekana. Nikaandika jina langu, kama aandikavyo kila mtu anayejaribu kalamu. Kisha jina la Mama. Kisha, sijui kwa nini, orodha ya mikoa yote niliyoikumbuka kuanzia Kagera.

Kwa sekunde chache wino unabaki mbichi juu ya karatasi, unang'aa, halafu unajikunja ndani na kutulia. Nilikuwa naandika mkoa mmoja, nauangalia ukikauka, ndipo naandika mwingine. Mtu mzima, mwalimu wa sekondari, saa nne usiku.

Labda nieleze kwa nini jambo hili ni kubwa kwangu. Kidato cha Pili ninachofundisha kina wanafunzi 71. Nikiwapa insha, nazirudisha nyumbani insha 71, na kila moja nataka kuiandikia angalau sentensi mbili za maana. Peni ya kawaida ina gololi, na gololi hiyo inabeba wino mzito kama grisi, kwa hiyo lazima uigandamize ndipo izunguke. Nina sugu kwenye kidole cha kati tangu chuo cha ualimu. Wino wa kalamu hii ni maji. Unashuka wenyewe kwenye njia nyembamba hadi nchani, kwa nguvu ileile inayopandisha mafuta ya taa kwenye utambi wa chemni, na ukiigusa karatasi tu, unaandika. Insha ya arobaini mkono ulikuwa bado wangu.

Isipokuwa karatasi. Kwenye kaunta buku nzuri wino unakaa alipouweka mwandishi, lakini kwenye yale madaftari ya bei ya chini herufi inaota mizizi, na neno “vizuri” upande huu linasomeka upande wa pili kwa kinyume. Wanafunzi walidhani nimebadilisha mtindo wa kusahihisha. Mmoja akanyoosha mkono: “Madam, hiyo peni imekatika mdomo?” Kwa sababu ya ile nibu iliyojificha. Nikawaeleza habari za nibu kwa dakika kumi ambazo zilikuwa za ngeli.

Siku ya tatu nilikwenda benki. Mnazijua peni za benki, zile zilizofungwa kamba kama mbuzi na hata hivyo haziandiki. Kijana aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akaniona naandika fomu, akasema, “Samahani mama, naomba peni.” Nchi hii huwezi kumnyima mtu peni. Utamnyima chumvi, utamnyima moto, lakini peni kwenye foleni ya benki utampa. Nikampa. Akaigeuza, nibu ikatazama chini, akagandamiza kama anachonga muhuri. Haikuandika. Akagandamiza zaidi. Nilimsimamia kama msimamizi wa mtihani wa taifa, pumzi nimezishikilia, mpaka nikamwambia, “Baba, tuigeuze kidogo.” Ikaandika. Akasema ni peni nzuri ila ngumu.

Marehemu baba hakuwa akiazimisha yake. Alikuwa akisema nibu huzoea mkono wa mwenyewe, na mgeni akiandikia siku moja umeipoteza. Nadhani alitia chumvi. Ncha ya nibu ina tone dogo la metali ngumu sana, na kulisaga kwa karatasi ni kazi ya miaka. Hatari ya mgeni ni mgandamizo: nibu imepasuliwa katikati, ikikandamizwa sana zile pande mbili zinapishana, na hapo kalamu huanza kukwaruza karatasi na kuruka maneno. Niliporudi nyumbani niliichunguza nibu kwa kioo cha kukuzia cha maabara ya Biolojia. Pande zote mbili zilikuwa sawa. Nikajipongeza.

Kesho yake ndipo ikawa. Daladala ya asubuhi, mkoba nimeupakata, konda anasukuma watu ndani kwa bega na kusema kuna nafasi nyuma. Nilikuwa nimeiweka kalamu kwenye mfuko mdogo wa ndani, na kwenye mfuko huohuo nilikuwa nimetupia funguo za kabati la vitabu pamoja na kufuli lake. Sikufikiria. Mfuko ule siku zote ni wa funguo na vipande vya chaki, na mkono ulifanya ulichozoea. Nilipoitoa darasani niliona mistari miwili: mmoja mrefu unaopita mshazari mwilini, kama mtu aliyekata tiketi, na mwingine mfupi karibu na kitako, wenye umbo la nyota iliyopondwa.

Siku nne. Nilikaa kwenye ofisi ya walimu nikiizungushazungusha dirishani. Kwenye mwanga wa upande huu michubuko haionekani, upande ule inaonekana peke yake, kalamu nzima imetoweka. Nilipitisha kucha juu ya ule mfupi, kucha ikapita bila kushtuka. Juu ya ule mrefu, kucha ilikwama. Baadaye nilijifunza kwamba hicho ndicho kipimo: kinachokamata kucha ni kirefu cha kwenda chini, na cha kwenda chini hakifutwi, kwa sababu kukifuta maana yake ni kuushusha uso wote wa jirani mpaka ulingane na shimo. Lakini siku ile sikuwa na habari. Siku ile nilikuwa na kumbukumbu ya CD.

Wa rika langu wataielewa. Zamani, kabla muziki haujahamia kwenye simu, CD ya Bongo Fleva ikianza kurukaruka ulikuwa unaipaka dawa ya meno, ile nyeupe ya kawaida, unasugua kwa kitambaa kutoka katikati kwenda nje, unasuuza, na mara nyingi wimbo ulirudi. Kaka yangu alikuwa fundi wa mtaa mzima kwa jambo hilo. Na mimi, mwalimu mwenye kupenda kusoma, nilikuwa nimeshasoma kwamba mwili wa Lamy 2000 ni wa Makrolon, na kwamba Makrolon ni polikaboneti, plastiki ya jamii ileile inayotengenezewa CD. Mnaona jinsi elimu ndogo inavyoweza kumwingiza mtu matatizoni? Mjinga angeiacha kalamu ilivyo.

Nikasugua. Kitambaa cha miwani, dawa ya meno kiasi cha punje ya harage, robo saa. Nikasuuza kwa maji ya kunywa (ya kisima chetu yana chumvi, siyapeleki karibu na nibu), nikafuta, nikalala nikiwa na matumaini.

Asubuhi nikakuta kipara. Ndiyo neno pekee linalofaa. Mwili mzima wa kalamu ni mweusi wa kufifia kama ubao uliofutwa, na katikati yake, mahali nilipokuwa nimesugua, kuna duara linalong'aa kama kichwa cha mzee aliyetoka kupaka mafuta. Ile nyota ya karibu na kitako ilikuwa imekwisha, ni kweli. Mstari mrefu ulikuwepo palepale, sasa ukiwa juu ya kipara, unaonekana vizuri kuliko jana.

Ilinichukua siku mbili kuelewa nilichokuwa nimefanya. CD inataka uso laini, kwa sababu mwanga wa mashine lazima upite bila kutawanywa, na mkwaruzo unautawanya. Dawa ya meno ina unga mgumu kidogo, mara nyingi ni kalisiamu kaboneti, na unga huo unazisaga kingo za mkwaruzo mpaka mwanga upite. Lakini kalamu hii haikutoka kiwandani ikiwa laini. Ule weusi wake wa kufifia ndio huohuo mwanga uliotawanywa. Uso wake umepigwa brashi ukapata mistari midogo isiyohesabika, yote ikifuata urefu wa kalamu. Kalamu nzima ni mikwaruzo tupu. Nilikuwa nimeifuta ile iliyotakiwa ili niondoe mmoja ambao haukufutika.

Nilimpelekea fundi. Si fundi wa kalamu, sijui kama yupo mjini, bali jirani yangu ambaye ana karakana ya samani Keko. Nilimkuta anapiga msasa mguu wa kitanda. Alifuta mkono kwenye suruali, akaipokea, akaitoa nje kwenye jua na kuiinamisha.

“Mwalimu, hapa nani kapiga polishi?”

“Mimi.”

“Kwa nini sasa? Kitu hiki kimepigwa msasa, hakikupigwa polishi. Ona nyuzi zake, zinakwenda hivi.” Akapitisha ukucha hewani kutoka kitakoni kwenda kwenye kifuniko. “Mbao ina nyuzi, nayo hii wameitia nyuzi. Ukiharibu, unazirudisha nyuzi. Husugui mviringo.”

“Nasugua kwa kitu gani?”

Akaniletea kipande cha msasa wa maji, wa kupigia rangi za magari, nyuma yake umeandikwa 2000. Nikacheka peke yangu. Kalamu iliitwa 2000 wakati mwaka huo ulikuwa bado miaka 34 mbele, na sasa umerudi ukiwa namba ya msasa. Fundi hakuona kichekesho. Alisema zamani babu yake alimalizia viti kwa majani ya mti wa msasa wenyewe, yale yanayokwaruza kama ulimi wa paka, ndipo neno likahamia kwenye karatasi za dukani. Kisha akaniangalia mikono, akabadili mawazo, akauchukua msasa wake. “Wewe huu utaleta kipara kingine. Una sponji ya vyombo, yenye upande wa kijani? Iliyochakaa?”

Ninayo. Nani hana?

Nilifanya Jumamosi, Mama akiwa kanisani ili asiulize. Kwanza niliimwaga wino na kuisafisha. Nikazungushia salotepu sehemu ya chuma ya kushikia, na kipande kingine juu ya kidirisha cha wino, kwa kuwa hicho ni cha kuonekana ndani na kikikwaruzwa kinaingia ukungu. Nikakata kipande cha sponji kavu, upande wa kijani, kisichokuwa na nguvu tena. Halafu nikaivuta kalamu ndani ya sponji kwa urefu, kutoka upande mmoja kwenda mwingine, bila kurudi, bila kugandamiza. Mara tano. Nikaangalia. Mara tano tena. Hofu yangu ilikuwa kubwa kwa namna ambayo sipendi kuieleza. Kuikwaruza kalamu mpya kwa makusudi, na kwa sponji iliyokwisha kuosha sufuria za dagaa, kunataka moyo.

Kama mara ya thelathini hivi kipara kilianza kuota nywele. Kingo zake zikapotea, weusi ukafifia, na kufikia wakati Mama anarudi sikuweza kukionyesha kwa kidole. Nikiielekeza dirishani saa za jioni bado naona pale pana ulaini kidogo. Mwingine haoni. Dada nilimpigia picha, akasema, “Wapi?”

Tafadhali usiende ukafanya hivi kwa kalamu yoyote uliyonayo. Mwalimu mwenzangu wa Hisabati alikuwa karibu kuanza, akiwa na Pilot yake ambayo mwili ni wa shaba uliopakwa rangi. Pale ukisugua unakwangua rangi, na shaba ya njano inakuchekea milele. Zile za plastiki ya akriliki inayong'aa ndizo ambazo polishi laini inazifaa, lakini spiriti usizisogezee, inazitia nyufa ndogondogo zisizotoka. Na zile za kizamani za mpira mgumu mweusi, ukiziloweka kwenye maji ya moto zinageuka rangi ya matope. Jua kwanza mwili ni wa nini. Nilimwambia hivyo mwenzangu kwa sauti ya mtu mwenye uzoefu, na habari za dawa ya meno sikumgusia.

Mstari mrefu upo. Niliuacha, na sidai kwamba naupenda. Kuna wanaosema mikwaruzo ni kumbukumbu. Mimi kumbukumbu ya konda yule siihitaji. Niliuacha kwa sababu ni wa kina, na gharama ya kuufuta ni kuipunguza kalamu. Kidole gumba kimeshaujua, kikiandika kinautafuta chenyewe, kama ulimi unavyotafuta jino lililovunjika.

Kuna jambo nimeanza kuliona sasa, mwezi wa tano huu. Karibu na mahali ninaposhika, juu kidogo ya chuma, weusi umeanza kung'aa. Hakuna dawa ya meno pale. Ni vidole tu, jasho la Dar es Salaam, na bila shaka vumbi la chaki ambalo haliishi mkononi mwangu, vinafanya kazi ileile taratibu bila kuniomba ruhusa. Nimesoma kwamba Lamy 2000 za watu wa miaka mingi huwa zinang'aa hivyo pale zinaposhikwa. Sponji ipo chini ya sinki. Nimeiona mara kadhaa, nikaiacha.

Funguo zimehamia mfuko mwingine. Na kwa kuwa soksi ya mtoto imesharudi Mannheim na miguu yake, nilimpelekea fundi cherehani wa pale kona kanga yangu ya zamani, iliyofuliwa mpaka imelainika, anishonee ala ya kalamu. Alinitoza shilingi elfu moja na hakuuliza kipande kikatwe wapi. Alikata kwenye jina, katikati ya maneno, akatupa mengine. Kwenye ala kimebaki kipande kimoja tu cha usemi ule, kwa herufi kubwa nyeusi: SI CHAKO. Ninapoiweka juu ya meza benki, mtu wa nyuma yangu anaisoma, ananiangalia, kisha anamgeukia wa nyuma yake kuomba peni.